Huangalii picha, unasahihisha mtihani

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu ambaye hakuna anayetaka kukaa naye mbele ya runinga. Sipigi kelele wala silali. Tatizo langu lilikuwa kujua, au tuseme kudhani najua. Picha ya anga za juu ikianza tu, chombo kikalipuka kwa kishindo, mimi tayari: "Huko hakuna hewa. Sauti inapita wapi?" Steringi akikatiza ukanda wa asteroidi huku akikwepa mawe kulia na kushoto, mimi: "Jiwe na jiwe mle yameachana mamia ya maelfu ya kilomita. Chombo cha Pioneer 10 kiliingia humo mwaka 1972, kikatoka salama mwaka uliofuata bila kukwepa chochote." Vitu hivi nilikuwa nimevikariri, na nilikuwa navisubiri vitokee kama mtoto mwenye manati anavyomsubiri ndege atue.

Aliyenivumilia kuliko wote ni mdogo wangu wa kike. Tumekua pamoja, tumeangalia kila kitu pamoja, na ndiye aliyenibatiza Mjuaji. Yeye sayansi haimhusu. Anachotaka kujua ni nani anampenda nani, nani atakufa, na kwa nini yule mzee wa kwenye chombo hajibu barua za mkewe. Mimi nilimwona kama mtu anayekwenda baharini kuangalia mchanga.

Sasa, Gravity. Ilitoka mwaka 2013, ikachukua tuzo saba za Oscar, na sisi tuliipata mwaka uliofuata. Nilikuwa nimejiandaa. Picha inaanza kwenye darubini ya Hubble, halafu wanaanga waliosalia baada ya ajali wanaelea na kifaa cha mgongoni mpaka kituo cha kimataifa cha anga. Inaonekana kama safari ya mtaa wa pili. Ukweli ni kwamba Hubble ilikuwa ikizunguka kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 500, kituo kikiwa kwenye kama 400, na ubaya zaidi ni kwamba njia zao hazijalala pamoja: moja imeinama nyuzi 28.5 kutoka ikweta, nyingine 51.6. Kubadilisha mwinamo wa njia ni moja ya mambo yanayokula mafuta mengi kuliko yote huko juu. Kile kifaa cha mgongoni kisingefika hata robo ya robo. Haya yote niliyasema picha ikiendelea. Mdogo wangu akawa anaitikia "mh" bila kugeuka.

Kisha ikafika ile kamba.

Waliosalia ni wawili. Mwanamke amenaswa mguu kwenye kamba za mwavuli wa chombo, na mkononi ameshika mkanda uliomshikilia mwenzake. Mwenzake anaona kwamba wakiendelea hivi watakwenda wote wawili, kwa hiyo anajifungua mwenyewe. Anaondoka taratibu, huku bado wanaongea kwenye redio, anamwelekeza cha kufanya, sauti inazidi kuwa mbali. Na mimi nikasema, tena kwa furaha: "Hapo hakuna kinachomvuta! Kamba imeshawasimamisha. Angemvuta kidogo tu kwa kidole angerudi mwenyewe!"

Mdogo wangu alichukua rimoti akasimamisha picha. Akaniangalia. "Kaka," akasema, "wewe huangalii picha. Unasahihisha mtihani." Akaenda kulala.

Nilibaki nimekaa pale na yule mtu ameganda kwenye kioo, mkono wazi. Ilinichukua muda wa aibu kukumbuka kwamba ilikuwa miezi minne tangu tumzike mama, na kwamba usiku wa mwisho ni yeye aliyekuwa ameshika mkono, mimi nilikuwa njiani.

Kuanzia hapo hatukuangalia picha pamoja kwa karibu miaka miwili. Hakununa wala hakusema lolote. Nikimwita alikuwa na usingizi tu.

Mjuaji asiye na wa kumjulisha ni kiumbe wa ajabu. Nilianza kuangalia peke yangu, na kwa mara ya kwanza ikabidi ninyamaze, kwa sababu kuukosoa ukuta kunachosha. Nikairudia 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968. Niliwahi kuijaribu zamani nikasinzia kabla sokwe hawajashika mfupa. Ukitaka kujua kwa nini, hesabu: karibu dakika 25 za mwanzo hakuna mtu anayetamka neno. Safari hii nilizima simu, nikazima taa, nikakaa.

Kilichonipata ni pumzi. Mwanaanga anatoka nje ya chombo, na unachosikia ni yeye anavyopumua ndani ya kofia yake, basi. Hakuna injini inayonguruma, hakuna ngoma ya kukuambia uogope. Halafu mwenzake mmoja anauawa, na kifo chenyewe hakina sauti hata moja: unaona mtu anapapatika mbali, kimya, kama mdudu nyuma ya kioo. Miaka yote hiyo nilikuwa nalalamika kwamba picha zinaweka sauti pasipo na sauti. Sasa nimepewa ukimya niliokuwa naudai, nikataka kukimbia.

Baadaye kidogo yule aliyebaki anarushwa kwenye ombwe bila kofia, sekunde chache, mpaka afunge mlango na hewa iingie. Watu wengi hudhani binadamu hapo angepasuka. Hapasuki. Mwaka 1966 kule Houston, fundi wa NASA aitwaye Jim LeBlanc alikuwa anajaribu vazi ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, bomba likachomoka. Alizimia baada ya kama sekunde 14, na kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yakichemka ulimini. Hewa ikarudishwa, akaamka, akaishi. Kwa hiyo Kubrick alipatia. Kosa ni moja tu: mwigizaji anaonekana amebana pumzi, na hilo ndilo la hatari, maana hewa iliyobanwa ingepasua mapafu. Nilikuwa nalijua kosa hilo kwa miaka. Nilipofika pale nikagundua kwamba na mimi nimebana pumzi.

Nimetaja ukumbi wa kuzunguka? Sijautaja. Ndani ya chombo kile kuna mwanaanga anakimbia mazoezi akizunguka kwenye kuta kama panya kwenye gurudumu. Hawakuwa na kompyuta za kuchora vitu hivyo. Walijenga pipa la kweli lenye kipenyo cha karibu mita 12, likawa linazunguka, na mwigizaji anakimbia palepale chini. Nikifikiria kwamba walifanya hivyo kabla binadamu hajakanyaga Mwezi, huwa nanyamaza kwa heshima, na kunyamaza kwangu mnakujua.

Upweke ule ndio ulionirudisha hadi Star Trek ya kwanza kabisa, iliyorushwa kuanzia 1966 hadi 1969. Nilikuwa naidharau. Mandhari ya maboksi, majabali ya plastiki, na kile kifaa cha kuwayeyusha watu huku na kuwatokeza kule. Nani ataamini? Baadaye nikaja kujua kwamba kifaa kile kilizaliwa na ukata: kuonyesha chombo kikubwa kikitua kwenye sayari mpya kila wiki kungemaliza bajeti, kwa hiyo wakabuni njia ya kumfikisha mtu chini kwa sekunde tatu na taa za kumetameta. Tangu nijue hivyo sijawahi kukicheka tena. Ni kosa la mtu aliyetaka hadithi ianze.

Halafu kuna Uhura. Sisi tunaosoma lugha hii tuna haki ya kujivuna kidogo hapa. Afisa mawasiliano wa chombo kile, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, jina lake limetoka kwenye neno letu uhuru, likabadilishwa herufi ya mwisho. Katika sehemu ya kwanza kabisa iliyorushwa hewani, Septemba 1966, kuna kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza sura ambaye anamtokea Uhura katika umbo la mwanamume na kumsemesha kwa Kiswahili. Nilirudisha nyuma mara tatu kuhakikisha masikio yangu. Miongo kadhaa baadaye, katika picha ya mwaka 2009, akatajwa pia jina la kwanza: Nyota. Nyota Uhura. Hilo ni jina la binti wa watu kabisa.

Nichols mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha, akakutana na Martin Luther King kwenye hafla, na King akamwambia asithubutu: alikuwa mmoja wa watu weusi wachache walioonyeshwa kwenye runinga wakiwa na kazi ya heshima, katika siku zijazo, bila mtu kuuliza amefikaje pale. Akabaki. Baadaye akafanya kazi na NASA kushawishi wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Mwaka 1992 Mae Jemison alipopaa na Endeavour, mwanamke wa kwanza mweusi kufika anga za juu, alikuwa akianza zamu kwa maneno ya Uhura ya kutangaza kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Mandhari yalikuwa ya maboksi, lakini mtu amepaa kweli. Sijui mkosoaji wa aina yangu angeandika nini pembeni ya karatasi hiyo.

Star Wars nitapita haraka. Ile ni hekaya ya mapanga iliyovalishwa roketi, na ukiiangalia hivyo unastarehe. Vyombo vyake vinainama vikikata kona kana kwamba kuna hewa ya kuegemea, na sababu inafahamika: George Lucas alipokuwa akipanga mapambano ya picha ya 1977 alitumia vipande vya filamu za mapambano ya ndege za Vita Vikuu vya Pili kama kielelezo. Ni ndege zile, zimehamishwa tu.

Ila kuna kosa ambalo mpaka leo silisamehe, na nilikuja kujielewa kwa kulitafakari. Chukua Armageddon ya mwaka 1998. Asteroidi yenye ukubwa wa jimbo la Texas inakuja, na watu wanaigundua siku 18 kabla. Texas ina upana wa kilomita 1,200 na ushei. Ceres, kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukanda wa asteroidi, ina kipenyo cha kilomita 940 hivi, na Giuseppe Piazzi aliiona kwa darubini tarehe 1 Januari 1801. Yaani kitu kikubwa kuliko kile kilichoonekana mwaka 1801 kimejificha wapi mpaka siku 18 zibaki? Haya, nikubali, kimejificha. Lakini sasa dawa yake: wanachimba shimo la mita 240 hivi, wanatumbukiza bomu moja, mwamba unagawanyika nusu kwa nusu na kila nusu inapita kando. Mwaka 2022 NASA iligonga kwa makusudi kijiwe cha angani kiitwacho Dimorphos, chenye upana wa mita 160 tu, kwa chombo cha DART kilichokuwa kinakwenda zaidi ya kilomita sita kwa sekunde. Dunia nzima ilishangilia kwa sababu muda wake wa kulizunguka jiwe kubwa lililo jirani nacho ulipungua dakika 32. Dakika 32! Na ule ulikuwa ushindi mkubwa.

Linganisha na The Martian ya mwaka 2015. Nayo inaanza kwa uongo mkubwa: dhoruba ya Mirihi inataka kuangusha roketi na inampeperusha mtu. Hewa ya Mirihi haifiki asilimia moja ya shinikizo la hewa yetu. Upepo mkali kabisa kule ungekugusa kama upepo mwanana hapa. Andy Weir, aliyeandika riwaya yake, alikiri kwamba alilijua hilo tangu mwanzo. Alihitaji tu namna ya kumwacha mtu peke yake kule. Nami namsamehe, kwa sababu baada ya hapo hadanganyi tena kwa urahisi. Yule bwana anahesabu viazi vyake, anahesabu maji, anatengeneza maji kwa kuchoma haidrojeni na karibu ajilipue. Kila anapotoka kwenye shimo, ametoka kwa jasho na hesabu.

Hapo nikapata kanuni yangu, ambayo nilijivunia sana: uongo unaomtia steringi taabuni naukubali, uongo unaomtoa taabuni siukubali. Nikaijaribu kwenye picha zote nilizozijua, ikafanya kazi. Nikaijaribu kwenye ile kamba ya Gravity, ikakwama. Kwa sababu pale kosa halimtii mtu taabuni wala halimtoi. Wapo wanaoitetea kwamba kamba zilikuwa bado zinanyumbuka na wale wawili hawakuwa wamesimama sawasawa. Inawezekana, sijali tena. Watengenezaji walihitaji mtu aachie mkono. Fizikia ilikataa, wakaachia hivyo hivyo.

Na kuna la kunipiga kofi zaidi. Katika picha ile balaa lote linaanza kwa Warusi kupiga setilaiti yao wenyewe kwa kombora, vipande vikasambaa vikagonga vingine. Nililicheka hilo kama hila ya watunzi wa Hollywood, ingawa nilijua kwamba Donald Kessler alishaandika mwaka 1978 jinsi vipande vinavyoweza kuzaa vipande mpaka njia za angani zisipitike. Tarehe 15 Novemba 2021 Urusi ilipiga setilaiti yake ya zamani, Kosmos 1408, kwa kombora, na walioko kituoni, Warusi wenyewe wakiwamo, wakalazimika kujisitiri ndani ya vyombo vyao vya kurudia. Nilipoisoma habari ile nilimtumia mdogo wangu kiungo bila maneno. Akajibu: "Mjuaji wa watu."

Wakati huo alikuwa ameshahamia nchi nyingine, saa saba nyuma yetu. Tulikuwa tumesharudiana kwenye picha, lakini kwa namna ya ajabu, na kilichoturudisha ni Interstellar.

Niliiangalia peke yangu, mwaka wake wa kwanza huko. Nilikwenda kwa ajili ya shimo jeusi. Mwanafizikia Kip Thorne, ambaye mwaka 2017 alikuja kushiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi ya mawimbi ya mvutano, aliwapa wachoraji milinganyo yake, na walichokipata ni ule mduara mweusi wenye ukanda wa nuru unaopita mbele na tena kujikunja juu na chini, kwa sababu mvutano unaupinda mwanga wa upande wa nyuma mpaka uuone. Mwaka 2019 ilipotolewa picha ya kwanza ya shimo jeusi halisi, lile la galaksi ya M87, pete ya nuru ilikuwa pale, upande mmoja ukiwa mwangavu zaidi. Kwenye sinema waliufuta kwa makusudi utofauti huo wa mwangaza ili watazamaji wasichanganyikiwe. Unaona, bado nakumbuka makosa, sijapona.

Lakini sikulala usiku ule kwa sababu nyingine. Wanashuka kwenye sayari iliyo karibu mno na shimo lile, ambako saa moja ni miaka saba ya Dunia. Mambo yanakwenda kombo, wanachelewa. Wanaporudi chomboni mwenzao aliyebaki amezeeka, anawaambia: miaka 23, miezi minne, siku nane. Kisha baba anakaa mbele ya kioo na kufungua ujumbe uliojikusanya. Mwanawe wa kiume anaongea, ni kijana wa shule. Amepata mpenzi. Ujumbe unaofuata ana mtoto. Baba hawezi kujibu. Anaweza kulia tu.

Kwenye simu yangu kulikuwa na jumbe za sauti kumi na moja za mdogo wangu ambazo sikuwa nimezisikiliza. Nilikuwa naziacha "mpaka nipate muda", kwa sababu yeye akianza kuongea hamalizi. Nilizisikiliza zote usiku ule, kwa mpangilio. Katika ya tatu alikuwa anatafuta nyumba. Katika ya saba ameshapata, ameshagombana na jirani. Katika ya tisa wamepatana. Mgogoro mzima umeanza na kuisha na mimi sikuwamo.

Nikamtumia ujumbe kwamba nimeiangalia picha fulani na ninaomba tuiangalie tena pamoja, na kwamba sitasema neno. Akauliza, "Neno hata moja?" Nikasema hata moja. Nilidumu mpaka ile sehemu ya rafu za vitabu ndani ya shimo jeusi, ambayo kwa maoni yangu inavunja kanuni yangu vibaya sana, uongo mtupu wa kumtoa mtu taabuni. Nikaguna. Yeye kule alikuwa analia kwa raha zake, ndiyo sehemu anayoipenda kuliko zote, na hatujakubaliana mpaka leo.

Tangu hapo tunaangalia kwa simu. Kila mtu anaweka picha yake tayari, tunahesabu pamoja, tatu, mbili, moja, tunabonyeza. Nilimwambia kwamba hata kuhesabu huko kinyumenyume kabla roketi haijaruka kulipata umaarufu kwenye sinema: Fritz Lang alikutumia mwaka 1929 kwenye picha yake ya safari ya Mwezini, akiwa na mtaalamu wa roketi Hermann Oberth kama mshauri, miaka mingi kabla ya roketi yoyote kumbeba mtu. Hilo alilipenda. Nikagundua kwamba nikiyasema mambo kabla ya picha au baada yake, hayamuudhi hata kidogo. Mengine anayauliza mwenyewe.

Tumemaliza hivyo tamthilia ya The Expanse, misimu yote sita. Kama mtu ananiuliza nianze wapi, namwambia hapo, ila avumilie sehemu nne za kwanza maana wanakutupia majina kama mvua. Vyombo vyake havina mvutano wa miujiza. Ghorofa zimepangwa kama jengo refu na injini iko chini. Injini ikisukuma, miguu inakaa sakafuni. Injini ikizimwa, unaelea. Wakifika nusu ya safari wanageuza chombo kizima, kisigino mbele, na kuanza kupunguza mwendo. Watu waliozaliwa kwenye mawe ya ukandani wamekuwa warefu na mifupa yao haistahimili Dunia. Wanaongea kwa mikono pia, tabia ya watu wa kuvaa mavazi ya anga, na wana lugha yao ya mchanganyiko iliyotungwa na mwanaisimu Nick Farmer mpaka ikawa na sarufi. Habari nyingi huko zinatumwa kama ujumbe uliorekodiwa, unangoja ufike, unangoja jibu. Kwa kawaida kati ya Mirihi na Dunia redio inachukua dakika tatu ikiwa karibu sana, na zaidi ya 20 ikiwa mbali.

Sisi kwetu ni sekunde. Simu inachelewa kidogo, kwa hiyo mimi nacheka, kisha naye anacheka, na mwanzoni nilidhani haelewi utani.

Katika sehemu ya mwanzo kabisa kuna mandhari ya mjini Ceres, na kwa muda mfupi anapita ndege mdogo. Mimi nilikuwa naangalia jinsi walivyochimba mji ndani ya jiwe. Mdogo wangu akasema, "Kaka, rudisha nyuma. Yule ndege mbona hapigi mabawa?" Nikarudisha. Kweli, anapiga mara moja, anatulia, anaelea, anapiga tena, kwa sababu mvutano pale ni kidogo. Nilikuwa nimeiangalia sehemu ile mara mbili kabla yake. Sikumwona ndege.

Sasa hivi tuko kwenye Solaris ya Andrei Tarkovsky, ya mwaka 1972. Ni yeye aliyeichagua, ili anikomoe nadhani. Kabla hata hatujafika angani, kuna mtu mmoja, rubani wa zamani, ambaye anatoka kwenye mazungumzo yaliyoharibika, anaingia kwenye gari na mtoto, na gari linakwenda. Mahandaki, madaraja, taa, magari mengine. Lilipigwa picha Tokyo. Dakika karibu tano, hakuna kinachotokea. Nimeiangalia mara tatu sasa nikitafuta maana ya barabara ile, na mara ya tatu nikamuuliza mdogo wangu yeye anaona nini.

Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema: "Katoka kugombana, kaka. Ukitoka kugombana na mtu, njia huwa ndefu hivyo."

Nikamwambia sawa, lakini dakika tano? Nikasubiri zile sekunde zetu, zikapita, zikapita nyingine. Alikuwa amelala.